Nilimwita Baba Mkwe kwa Jina Mbele ya Vibarua

Hamjambo nyote. Admin, nakuomba unifiche, kwa sababu Garsen ni ndogo na watu wa mjengo tunajuana.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, kwetu ni Chewele, nimeolewa Idsowe. Nina mtoto mmoja wa kike. Mume wangu anafanya kazi Malindi, huja mara moja moja. Nimesomea uashi, na mwaka huu ndio nimepata kazi yangu ya kwanza, kwenye madarasa ya shule moja hapa Garsen. Aliyeniingiza ni baba mkwe wangu. Yeye ni fundi wa zamani anayeheshimika, na alipomwambia msimamizi kwamba mkaza mwanawe anajua kupanga mawe, hakuna aliyecheka mbele yake. Walicheka nyuma.

Yule mzee nampenda, hilo niliseme mapema. Lakini ni mkwe, na katika nyumba niliyoolewa mkwe ana heshima zake. Sili naye, simtazami machoni, na jina lake silitaji. Kuna jirani ana jina kama hilo, na huyo nimemtafutia jina jingine. Kazini tulikuwa vivyo hivyo. Mzee akiona nimekosea alimwambia kibarua aliye karibu kwamba mstari wa yule umepinda, nami nikausikia na kuunyoosha. Vijana walituona kama sinema.

Chuoni tulikuwa na somo ambalo hakuna aliyelipenda, kwa kuwa halikuhusu saruji wala mawe. Lilihusu kuishi na watu kazini: fika mapema, uliza usichojua, ukikosolewa usinune. Na hatari ikitokea, mwite mtu kwa jina lake, maana ukipiga kelele tu watageuka wote isipokuwa yule anayetaka kuumia. Wengi tulisinzia. Mimi hilo la jina liliniingia, sijui kwa nini.

Siku yenyewe tulikuwa tunapandisha linta, ile boriti ya zege inayolazwa juu ya dirisha, kwa kamba na kapi. Mimi nilikuwa juu ya jukwaa. Baba mkwe akapita chini ya ile linta, akainama kukagua ukuta, na mashine ya zege ilikuwa inanguruma. Nikaona kamba inaanza kukatika. Nikaita, "Baba!" Wazee wote pale tunawaita baba, wakageuka wawili, yeye hakugeuka. Angegeukaje, na tangu niolewe sijawahi kumpazia sauti? Nikaita tena. Hakusikia. Ndipo nikamwita jina lake, lote, kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Alishtuka akaruka pembeni. Linta ikaanguka pale kilipokuwa kichwa chake, ikamvunja mguu chini ya goti. Damu niliyoiona siku ile bado siisahau.

Msimamizi alisema mbele ya watu wote kwamba bila mimi wangekuwa wanachimba kaburi. Akataka niwe naongea na vibarua wapya kila asubuhi kabla ya kazi. Nikaenda nyumbani na maneno hayo, mjinga mimi, nikidhani yatanisaidia.

Mama mkwe alinikuta mlangoni. Akaniambia, "Mwenye mji huu umemuita jina yake mbele ya vibarua, kama unaita mbuzi. Ungenyamaza angepita zake. Huo mguu ni wako." Nilipojaribu kueleza, maelezo nayo yakawa utovu wa adabu. Toka siku hiyo nikipika uji wa mgonjwa unamwagiwa kuku. Mtoto wangu analala kwa bibi yake, na ameshaanza kuniuliza kwa nini nilimvunja babu mguu. Hapo ndipo nililia, wenzangu. Nililia sana.

Mume wangu akaja. Nilidhani atashukuru kumkuta babake hai. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema wazee wa ukoo wanakaa Jumamosi. Nisimame mbele yao niombe msamaha, halafu niape kwamba jina lile halitatoka tena kinywani mwangu. Nikamuuliza, hata akiwa hatarini? Akasema, "Lolote litokee. Babangu umemvua nguo mbele ya watu." Nisipoapa nirudi Chewele peke yangu, mtoto abaki.

Baba mkwe alikuwa amelala ndani, anasikia kila neno. Nilingoja aseme kitu. Yeye ndiye aliyekuwa chini ya ile linta, yeye ndiye anayejua. Mwishowe akamwita mume wangu, mimi nikiwa nimesimama nje ya pazia, akasema, "Aape tu, haya maneno yaishe. Nikipona narudi naye kazini, madarasa hayajaisha." Akasema kwa upole, kama mtu anayenifanyia wema, na nadhani kweli alidhani ananifanyia wema.

Nina hasira, sitawaficha. Msamaha naweza kuomba, hata kwa magoti, maana najua aibu aliyoipata mzee mbele ya vijana wadogo kwake. Ninachoogopa ni kiapo, kwa sababu mimi nikiapa siwezi kuvunja. Nisipoapa nampoteza mwanangu. Nikiapa, mzee atapona, atarudi pale chini ya kamba, na mimi nitakuwa juu ninaona, na mdomo nimeufunga.

Jumamosi ni kesho kutwa. Nyinyi mlioolewa, na nyinyi wazee mnaosoma hapa, nishaurini bila kunitukana. Niape?