Wimbo Uliomtukana Mama Yangu Ndio Unaokamilisha Utunzi Wangu

Admin, jina langu lizike, usiache hata herufi ya kwanza. Mji utaje tu. Shinyanga tuna wanawake wengi wenye mdomo, hawatajua ni yupi.

Nina miaka hamsini na moja, mwalimu wa sekondari, naishi Kambarage na mama yangu mzazi. Vitabu nimesoma, magazeti nimeyaandikia mpaka wahariri wakachoshwa na hasira zangu, na kwaya nimeifundisha na kuitungia tangu usichana. Nasema haya msije mkanijibu kama mtoto.

Mwaka huu lilitangazwa shindano la watunzi wa kanda yetu. Hawakutaka wimbo wa kwaya wala wa kampeni. Mtunzi apeleke wazo, na atakayeshinda aagizwe kutunga muziki mpya wa watu wanne tu: fidla mbili, filimbi na zeze. Wakae ukumbini bila kipaza sauti, bila wachezaji, bila maneno. Watu walinicheka. "Mwalimu, huo ni muziki wa Wazungu wa kulalia." Nikawauliza, nani aliwapa Wazungu hati ya kumiliki watu wanne waliokaa kusikilizana? Babu zetu walipiga zeze ndani ya nyumba, wakasikilizwa na watu wachache, na hakuna aliyelala. Nikapeleka wazo, nikashinda. Onyesho ni Kahama, mwezi ujao.

Kwa msio Wasukuma: ngoma zetu zina pande mbili, Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno, pande zote mbili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watazamaji wakihamia kwako, umeshinda. Ili wahame, manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, humtukana manju mwenzake kwa wimbo. Marehemu baba yangu alikuwa manju wa Bagika. Wimbo wake uliovuma ulimwita manju wa Bagalu ng'ombe aliyekwama kwenye tope la lambo. Utunzi wangu wote nimeujenga juu ya sauti ya wimbo huo, na nikampa mpiga zeze aibebe.

Mpiga zeze ni mzee mmoja wa huko Isaka, tumwite Masanja. Siku ya mazoezi alipofika sehemu hiyo aliweka upinde chini.

"Mwalimu, umeniamkia vizuri asubuhi, nikakuitikia. Sasa mbona unanitukana?"

"Mzee, hakuna tusi hapo. Maneno yote nimeyatoa."

"Umeyatoa wewe. Masikio yangu hayajayatoa. Huyo ng'ombe wa lambo ni mjomba wangu, ndiye aliyenifundisha zeze."

"Lakini huu ni muziki wa ukumbini, si wa uwanjani."

"Na ukumbini wataingia akina nani, Wajapani?"

Wapiga fidla waliangua kicheko. Mzee alifunga zeze lake akaondoka.

Mwenyekiti wa shindano akanipigia simu. "Mama, si uweke kinanda hapo? Au ukate tu hicho kipande." Nilimjibu maneno ambayo admin angeyafuta. Zeze si balbu, kwamba ikizima unachomeka nyingine!

Nikapanda gari hadi Isaka, nikampata mzee nyumbani kwake. Hakuwa na kinyongo. Alikuwa na sharti. "Uwanjani, aliyetukanwa hujibu. Ninyi mmesema peke yenu. Bagalu wajibu, nami nitapiga nyimbo zote mbili." Nilikubali papo hapo. Hiyo ndiyo haki ninayoihubiri miaka yote. Akachukua zeze, akapiga jibu la Bagalu, na jamani, lilikuwa zuri! Liliingia katikati ya wimbo wa baba kana kwamba nafasi ilikuwa inalisubiri.

Nikauliza maneno yake yanasemaje.

"Si umesema maneno hayana kazi?"

"Niambie, mzee."

Akaimba kwa sauti ya chini, macho yakitazama ukuta. Kwamba manju wa Bagika amejaza uwanja, nyumba imebaki tupu. Mke wake amemfuata mnunuzi wa dhahabu Geita.

Mke wake ni mama yangu. Mimi nilikuwa mdogo, niliambiwa ameenda kumuuguza dada yake. Alirudi, baba akampokea, maisha yakaendelea. "Nilidhani unajua," mzee akasema, naye amefadhaika. "Uwanja mzima ulijua."

Mtashangaa nikiwaambia kwamba wimbo huo wa Bagalu nimeuandika ndani ya utunzi. Tumeufanyia mazoezi, na sijawahi kutunga kitu kizuri kama hiki. Nikiutoa, ninabaki na baba anayejisifu peke yake na mtu aliyetukanwa akiwa amezibwa mdomo. Nikiuacha, mama ataketi mstari wa mbele Kahama na wanawake wa rika lake kutoka kijijini, na fidla na filimbi zikinyamaza zeze likabaki peke yake, kila mmoja wao atayasikia maneno yale. Nani atamshika mkono saa hiyo? Mimi nitakuwa jukwaani nikipigiwa makofi.

Mama ameshashonesha gauni la kitenge. Juzi tukichambua mchicha akaniuliza, "Mtapiga wimbo wa baba yako?"

"Tutaupiga, mayu."

Akachambua kidogo. "Na Bagalu je? Watanyamaza tu?"

Nikainuka kwenda kuosha mchicha. Sijui aliuliza kwa hofu, au ni mtu aliyechoka kusubiri jambo lake lisemwe. Na siwezi kumuuliza bila kumwonyesha kwamba ninajua.

Atakayeniandikia "ni muziki tu" apite kimya, huyo hajawahi kusikiliza. Nawauliza ninyi ambao mama zenu bado wako hai: nimwite mzee Masanja aje ampigie mama hapa nyumbani kwanza, ajue na aamue yeye? Au kumwuliza tu tayari ni kumtukana upya? Nimezoea kuwajibu watu. Leo nijibuni ninyi.