Mlio wa Mrija

Fundi wa mirija si mtu wa salamu ndefu. Kila asubuhi mama mfagiaji wa maabara humkuta ameinama mezani, anajaza mrija wa kioo unga wa chuma na arseniki, sumu isiyo na mchezo. Huuziba kwa moto, huuweka sikioni na kuugonga kwa ukucha. Ukilia vizuri anaguna, anautia kwenye tanuri, kisha ananawa mpaka viwikoni, mara tatu. Siku kumi baadaye mrija hutoka na vipande vyeusi vinavyong'aa ndani, ukasafirishwa ukiwa umezibwa kwa wenzao wa maabara ya ng'ambo, ambao huvipoza mno ili vipitishe umeme bila kupoteza hata chembe.

"Mzee, wenzetu wanalalamika," mkuu wa maabara alimwambia juzi. "Mirija mitatu imeingiwa na hewa. Wa nne ukiharibika, kazi hii wanaichukua wao."

"Waambie wasiirushe kama mipira," alijibu, akaificha mikono mifukoni.

Leo ameugonga mrija wa nne, akaugonga tena, akageuka. "Mama, hebu nisaidie. Masikio yangu yamezeeka."

Mama aliweka ufagio chini, akasikiliza mzee alipougonga tena. Mrija ulilia kama kikombe chenye ufa.

"Umepasuka, baba."

"Una hakika si masikio?"

Mama aliitazama mikono ya mzee, akaelewa kwamba alikuwa anaomba kosa liwe la masikio.

"Si masikio, baba."

Mzee alipoutumbukiza kwenye debe la taka za sumu, mrija uligonga ukingo mara nne, tano, kwa jinsi mkono ulivyotetemeka. Akavua miwani ya kukinga moto, akaitundika msumarini, akaenda kunawa. Mara tatu, mpaka viwikoni.