Nilivyowatetea Wenye Vibanda wa Gatina

Ukipita Gatina siku hizi unione nimeinamia cherehani, usinisalimie sana. Bado naona aibu.

Sisi wenye vibanda vya barabarani tunajua adui mmoja tu: kanjo, wale askari wa kaunti. Mimi nami nilikuwa nimesoma kwenye simu maoni ya mwanasheria wa serikali, kwamba barabara yetu iko chini ya serikali kuu na kaunti haina mamlaka ya kubomoa chochote hapo. Nikajiona wakili kamili. Nikawaambia majirani wasihamishe hata kiti.

Jumanne tingatinga likaja, na kundi la wanaume nyuma yake. Mama Mueni wa chapati akaanza kukusanya sufuria.

"Wachana nazo, Mama Mueni," nikamwambia. "Hawa kanjo nawamaliza na sheria."

Nikasimama mbele ya tingatinga na simu yangu, nikasoma kama mhubiri wa Jumapili. Watu wakapiga makofi. Mkubwa wa lile kundi, mzee mpole mwenye miwani, akanisikiliza mpaka mwisho. Hata akaniomba nirudie pale pa mamlaka, nami nikarudia kwa madoido.

"Kwa hivyo wenye haki ya kubomoa hapa ni serikali kuu?" akauliza.

"Peke yao!" nikapaza sauti.

Akatoa kitambulisho mfukoni, akanionyesha.

"Sisi si kanjo, fundi. Tumetumwa na serikali kuu. Asante kwa kuwaelezea watu."

Makofi yakakatika. Mama Mueni akanigeukia, chapati bado iko motoni.

"Fundi," akaniuliza polepole, "sasa naweza kuhamisha?"