Mvuta Mkokoteni na Kona ya Kumi na Moja

Mjomba wangu hajawahi kuona theluji, na barafu anayoijua ni ile anayowapelekea wauza samaki kwa mkokoteni. Sokoni wanamwita Breki, maana miaka ishirini na mbili ameteremsha magunia kwenye mteremko wa soko bila kumgusa mtu hata kisigino. Chama cha Michezo ya Barafu, chenye mwenyekiti, katibu na mhuri lakini hakina barafu, kilipotangaza kutafuta mwanamichezo, yeye peke yake ndiye aliyekuja kucheza. Wengine walikuja kuulizia posho.

Mimi nilijitolea kuendesha kompyuta. Katika stoo ya viti vibovu tulifunga ubao wa chuma juu ya springi nne. Mjomba alilala kifudifudi, kichwa mbele, akavaa miwani ya uhalisia pepe, na feni ikampulizia usoni kwa niaba ya baridi. Ndani ya miwani aliiona njia ya barafu yenye kona kumi na sita. Akiegemeza bega kushoto, sleji, kile kigari cha kutelezea barafuni, inakwenda kushoto. Akimaliza chini ya dakika moja, atapelekwa kwenye mashindano ya kweli ng'ambo. Aliitaka safari hiyo mpaka akawa anaota kona.

Wiki tatu alishindwa, kila mara kona ya kumi na moja. Waliotengeneza programu walichora watazamaji pale, na mama mmoja mwenye mtoto ameinamia ukingo. Mjomba alikuwa akipunguza mwendo.

"Kaa kando, mama! Mtoto huyo!"

"Mjomba, yule ni picha."

"Picha ina mtoto."

"Hata ukimgonga hafi."

"Ndivyo mnavyofundishwa chuoni?"

Katibu akaandika kwenye ripoti kwamba mwanamichezo hana moyo wa ushindi. Damu ilinichemka. Misafara ya wakubwa haipunguzi mwendo kwa watu wenye damu na mifupa. Sisi tumempata anayepunguza kwa ajili ya picha, tunamwita mbovu!

Dawa aliipata mwenyewe. Asubuhi moja alishuka polepole, akasimama kwenye kona ile, akamkagua yule mama juu mpaka chini.

"Nimempima," akasema. "Mkono wake haufiki njiani. Siku zote alikuwa salama."

Kisha akashuka kwa sekunde hamsini na nane.

Kamati ikakutana palepale stoo. Nafasi za safari zilikuwa tano, na orodha ilikuwa tayari: mwenyekiti, katibu, mhazini, daktari, afisa itifaki.

"Mwanamichezo yuko wapi?" nikauliza.

"Kijana, punguza jazba," mwenyekiti akasema. "Mzee huyu keshafika kule kwa miwani. Sisi bado."

"Sheria inataka awemo mwanamichezo."

"Basi niandike mimi. Mwanamichezo ni moyo."

Mjomba akasimama, kofia mkononi. "Mheshimiwa, basi lala kidogo nikuelekeze zile kona. Zitakufaa."

Hakuwa anakejeli, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa: mbele ya watu wote mwenyekiti hakupata pa kukatalia. Akavua koti, akalala, tukamvisha miwani. Kona ya tatu aliukumbatia ubao akaanza kumwita mama yake. Kona ya tano kiatu kilimchomoka, kikatua mapajani mwa mhazini.

Tulipomvua miwani, mwenyekiti aliketi ukingoni mwa ubao.

"Hiyo barafu ya kule," akauliza taratibu, "ngumu kiasi gani?"

"Kama ukuta," nikamjibu.

Akajifuta jasho. Akaivuta orodha, akaipitia kwa kalamu kutoka juu, akaruka jina lake, akaruka la katibu, akaruka la mhazini. Akamfuta daktari. Akamwandika mjomba.

"Na nikivunjika, mheshimiwa?"

"Jitahidi usivunjike."

Nikafungua mdomo kupinga, mjomba akanikanyaga mguu. Alishanigeukia, macho yanamng'aa, akiniuliza kwa kunong'ona kama soksi jozi mbili zitatosha kwa baridi ya kule.