Jaketi Jekundu la Manyoya

Nakumbuka siku moja ambayo mpaka leo, manyunyu yakigonga bati, naisikia kifuani kwanza. Mwanangu, umeniambia umepangiwa kufundisha Vidunda, kule mlimani, na kesho unapitia mnadani kutafuta jaketi. Basi kaa kidogo unywe chai, mnada hauhami.

Mimi ni mtoto wa Mvumi, bondeni. Kwetu jaketi lilikuwa pambo, unalivaa harusini huku jasho linakutiririka, ilimradi watu wakuone. Nikaolewa na Baba Neema, mtu wa Vidunda, tukakaa Mikumi. Neema alipofikisha miezi minne ikabidi tumpandishe mlimani akaonwe na bibi yake. Mume wangu akasema kule kuna baridi, tutafute jaketi. Tukaenda mnadani jua la saa saba, wakati ambao hakuna binadamu anayeweza kuikumbuka baridi.

Kwenye rundo la mitumba nikaliona jekundu, jepesi, limevimba kama andazi. "Hilo manyoya ya bata, dada," muuzaji akanisifia. "Wakwe wakikuona nalo watachinja mbuzi." Mume wangu akachomoa jingine, rangi ya tope, ndani limejazwa zile nyuzi nyeupe za kiwandani wanazotilia kwenye mito ya makochi. Akalifinya, akaliachia, likainuka. Akalidondoshea maji ya chupa, yakateleza. Akanisihi nichukue hilo. Nikamjibu kwamba hilo ni la mlinzi wa ghala, na mimi sikuolewa kulinda. Akacheka, akanilipia jekundu. Mwenyewe alisema kazaliwa kule, sweta linamtosha. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kesho yake tukashuka kwenye gari chini ya mlima, tukaanza kupanda kwa miguu, yeye na mzigo wa mchele, mimi na Neema nimemfunga kifuani kwa kitenge, jaketi juu yake. Nusu ya njia ukungu ukatufunika, manyunyu yakaanza. Haukupita muda manyoya yakalowa yote, yakaporomoka na kujikusanya kwenye pindo. Kifuani kikabaki kitambaa kitupu, na maji yanapita. Neema alilia sana, kisha akanyamaza. Mjinga mimi nikashukuru, nikidhani amelala. Nilipomshika mguu ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni. Niliogopa, mwanangu, sina neno jingine. Mume wangu akavua sweta, nalo linachuruzika maji. Tukapanda mbio.

Kwenye kona moja tukakutana na mama mkwe, ameshuka kutupokea. Alivaa jaketi kuukuu lenye viraka kwenye viwiko vyote, la zile nyuzi za kiwandani, nalo limelowa nje kama langu. Nikapiga goti kwenye tope.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Lete mtoto," alisema.

Akamvua nguo mbichi zote, akafungua zipu, akamlaza kifuani ngozi kwa ngozi, akafunga zipu hadi juu. Nilipoingiza mkono kumgusa mwanangu nilishangaa: humo ndani mlikuwa na joto, na mvua ilikuwa imemnyeshea muda mrefu kuliko sisi. Akasimama anamtikisa polepole, anampumulia utosini.

Kisha Neema akakohoa, akapiga ukelele. Sijasikia kilio kitamu kama kile tangu nizaliwe. Baba Neema alikaa chini juu ya mchele, mimi nikalia pamoja na mtoto. Ndipo mama mkwe akanigeukia.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Na hilo jekundu, la nini?"

"Nilitaka mnione nimependeza, mama."

"Tungekuona tu. Nguo ya mlimani hawaulizwi watu, inaulizwa mvua."

Hakurudia tena maneno hayo mpaka anaingia kaburini. Lile jaketi alilifumua, akayaanika manyoya juani, akamshonea Neema mto. Neema sasa ana watoto wawili, na mto wenyewe wanaugombania. Nikiwasikia wakiupigia kelele mto ule, moyo wangu unatulia.

Kwa hiyo kesho usichague kwa rangi. Manyoya ni matamu mahali pakavu, lakini Vidunda si pakavu. Wewe tafuta la nyuzi za kiwandani, maana hata likilowa halikutupi, na ukilifua linakauka upesi. Lifinye uone kama linainuka. Liinue kwenye mwanga, na ukiona nyuzi zimejikusanya chini na juu kuko wazi, mrudishie mwenyewe. Lidondoshee maji. Lishuke lifunike kiuno, liwe na kofia, na ibaki nafasi ya sweta ndani, maana utalivaa kila siku kwenda shule na shambani. Ah, na usilisogeze karibu na moto wa jikoni, cheche moja tu linatoboka. Na mwenyeji akikuchagulia, mwanangu, lichukue hata kama ni la rangi ya tope. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na nguo ni hivyo hivyo.

Haya, maliza chai. Mungu akupandishe salama, akupe nguo isiyopoteza joto ikilowa, na akukutanishe njiani na mtu wa namna hiyo, kama alivyonikutanisha mimi.