Darubini Niliyomchagulia Baba

Harufu ya mafuta ya kusafishia bunduki mpaka leo siistahamili. Juzi niliinusa kwenye kitambaa nyumbani kwa mkwe wangu, huko Mawaleh, nikatoka nje mbiombio, na wajukuu wakanicheka: bibi mzima anakimbia kitambaa! Niliwaacha wacheke. Nyinyi nitakwambieni sababu.

Ilikuwa imepita miaka mitatu tu tangu tutoke Unguja kuja huku nchi ya mababu zetu Waarabu, tukiishi kwenye kibanda cha makuti upande ilipo Hamriya leo. Wakati huo palikuwa mawe matupu. Tulikuwa na mbuzi wawili, na maziwa yao ndiyo yaliyomlea mdogo wangu Zuwena, maana mama alikuwa mgonjwa na maziwa yalimkauka. Siku moja mbwa mwitu alishuka mlimani akachukua mbuzi mmoja. Majirani wakamtania baba kwamba sisi tuliotoka Afrika tunajua kulenga madafu tu. Baba alicheka nao, lakini aliporudi ndani hakula.

Aliazima bunduki kwa Ami Nassor, nduguye, kisha akanichukua mpaka Matrah kununua darubini ya kufunga juu yake. Mhindi mwenye duka, naye wa Unguja kama sisi, alitoa mbili zilizokwisha kutumika, akaziweka juu ya gunia la ndimu kavu. Baba hakuchungulia hata moja.

"Mwanangu, wewe macho yako mapya, nichagulie," alisema, akaenda kusimama juani, ng'ambo ya uwanja. "Waniona?"

Ya kwanza kioo chake kilikuwa safi. Niliona kishada kinachoning'inia shingoni mwa kanzu yake, nikaona jasho juu ya mdomo wake, na nyuzi mbili nyembamba zimekatana katikati ya kifua chake. Siku tuliyokimbia Unguja nilikuwa nimejificha uvunguni, nikaona mtu amemwelekezea baba bunduki hivyo hivyo. Sasa mwenye kumlenga nilikuwa mimi.

Nikaishika ya pili. Ilikuwa na ukungu, na badala ya nyuzi ilikuwa na kijiti kimoja kinene. Baba alikuwa kivuli tu. Nikapumua. Kwa hii, nilijiambia, hapana atakayempata.

"Hii, Baba!"

"Hiyo?" Mhindi alishangaa. "Nzima ni ile ya kwanza, bwana."

"Binti yangu keshaona," baba alijibu, akalipa.

Baada ya sala ya Magharibi alijibanza nyuma ya mawe, mbuzi wetu aliyebaki amefungwa mbele yake kuwa chambo. Hapo ndipo nilipofahamu nilichokifanya. Mnyama atakuja, na baba ataona ukungu.

"Mama, haoni!" nilinong'ona.

"Nyamaza. Muombee."

Nilitaka kukimbia nje nikiri uongo wangu, lakini niliogopa. Bunduki ikalia. Mbuzi akalia, kisha kilio kikakatika. Niliuma kanga ya mama nikingojea sauti ya baba, na haikuja. Nilikuwa nimeshamzika moyoni alipotokea mlangoni, peku, na kamba iliyokatika mkononi.

"Nimemkosa," alisema.

Zuwena alilia njaa siku nyingi. Alipona, alhamdulillahi, kwa maziwa ya kuombwa mlango kwa mlango, kwa majirani wale wale wa madafu. Aliyekwenda kuomba alikuwa baba.

Miaka mingi baadaye, nishakuwa na watoto wangu, nilimpeleka kwa daktari wa macho huko Qurum. Daktari alisema jicho la kulia lilikufa zamani sana, kwa kipigo, na la kushoto halikuwa na nguvu. Baba akasema ni kweli, alipigwa kitako cha bunduki siku tuliyoondoka Unguja. Hakutaka tujue. Kumbe alikwenda kumkabili yule mnyama bila ya macho, akitegemea yangu.

"Uliwezaje miaka yote hiyo, mzee?" daktari aliuliza.

Baba alinipapasa bega, anatabasamu.

"Nnaye huyu. Hajanidanganya hata siku moja."

Sikumwambia. Nilimshika mkono tukateremka ngazi, na amekufa bila ya kujua.