Nilivyomwonea wivu Wafula kwa sababu ya mpira wa mkojo wa baba yangu

Wakuu, hamjambo huko mliko. Mimi humu ni msomaji tu, nasoma nyuzi zenu, nacheka, nalala. Leo nimeamua kuandika yangu. Chumvi sitaongeza, ila majina nimebadilisha kwa sababu mhusika mmoja huingia humu na akijiona atavimba kichwa zaidi.

Kazi yangu ni kubuni vifaa vya hospitali. Tuna karakana ndogo hapa Kisumu, upande wa Otonglo. Tuna printa za 3D, mashine ya kukata plastiki, na meza iliyojaa mipira ya mkojo, ile anayowekewa mtu asiyeweza kukojoa mwenyewe. Madaktari wanaiita katheta.

Mimi natengeneza konekta. Ni kile kidude kinachounganisha mpira na bomba la mfuko wa mkojo.

Najua mnacheka. Chekeni tu. Siku ukiwekewa utanitafuta.

Konekta ikichomoka, mkojo unamwagika kwenye suruali mbele ya watu. Hiyo ni aibu, lakini inavumilika. Shida kubwa ni kwamba pale palipofunguka ndipo vijidudu vinapoingia. Vinapanda na mpira mpaka kwenye kibofu, na mgonjwa anashikwa na homa ya kutetemeka.

Sasa nije kwa Wafula.

Wafula ni mtu wa Bungoma, tuliajiriwa pamoja. Yeye alipewa upande wa vifaa vya kuingizia mpira. Akabuni kishikio kinachomsaidia nesi kuusukuma mpira bila kuugusa kwa vidole. Kizuri, nakubali. Manesi walikipenda mpaka wakaanza kumwita daktari. Wafula, daktari! Mtu anayetafuna muhogo mbichi juu ya meza ya kazi.

Wivu wangu ulianzia hapo, sitaficha. Simu ikilia karakana, anatakiwa Wafula. Mgeni akija, anaonyeshwa kishikio cha Wafula. Nilikuwa najifariji kwamba angalau kwenye konekta hanigusi.

Halafu Madam, mkubwa wetu, akasema Wafula naye ajaribu kubuni konekta.

Wakuu, siku hiyo sikula mchana.

Yangu ilikuwa ya bluu. Unaiingiza, unaizungusha mpaka inalia tak, na hapo hata uivute na ng'ombe haichomoki. Ya kwake ilikuwa ya rangi ya chungwa, ina kibawa pembeni, unakibonyeza kwa kiganja inaachia. Niliitazama nikasema moyoni hiki ni kitu cha watoto kuchezea.

Wakati huohuo Baba akapata shida ya tezi dume. Anaishi Ahero, amelima mpunga maisha yake yote. Aliwekewa mpira akaambiwa asubiri oparesheni. Sharti lilikuwa moja: mkojo uwe safi, usiwe na maambukizi. Ukipimwa ukakutwa mchafu, unarudishwa nyumbani na dawa, unapangiwa tarehe nyingine. Na Baba alikuwa amechoka na ule mpira. Alikuwa ameacha kwenda kanisani, ameacha kwenda shambani, anakaa tu.

Akaingia kwenye majaribio yetu. Ruhusa zote zilikuwepo, msinianze hapo. Kila mgonjwa alitumia konekta ya bluu kwa muda, kisha ya chungwa, kisha akachagua ya kubaki nayo. Majibu yalikuwa kwa nesi. Sisi tulioziunda hatukuruhusiwa kuyaona.

Nilimuuliza Baba kwa kuzungukazunguka, kile kifaa kinaendeleaje. Akasema, "Yako ni nzuri sana."

Basi, nikaishia hapo. Kwetu mtoto wa kiume hachimbi zaidi. Mambo ya chini ya mkanda wa babako huyaoni na huyataji. Hata zile suruali pana nilizomnunulia sokoni Kibuye, za kuficha mfuko, nilimpa Mama ndiye ampe.

Lakini nilikuwa na furaha. Kila Jumamosi nikifika nyumbani namkuta Baba kwenye kiti chake amejifunga leso, na hapo juu ya goti kipande cha bluu kinachungulia. Nilidhani ni bahati tu kwamba nakiona. Kumbe alikuwa ananionyesha.

Kosa langu lilikuwa kumpeleka Wafula nyumbani siku moja tule samaki.

Baada ya kula, yeye na Baba wakaenda kukaa nyuma ya nyumba karibu na tangi la maji. Mimi nikabaki na Mama. Nikawasikia wanacheka. Baba, ambaye Kiswahili humtoa jasho, alikuwa anakimwaga tu bila kujali ngeli wala nini. Nikachungulia dirishani nikaona anamwonyesha Wafula kitu kwa mikono, anakunja, anakunjua, na Wafula anaitikia kwa kichwa.

Nilipokuja wakanyamaza.

Tangu hapo wakawa wanapigiana simu. Mama ananiambia, "Leo baba yako ameongea na yule Mluhya mpaka chai ikapoa." Wakuu, iliniuma vibaya. Manesi sawa, achukue. Madam sawa. Lakini huyu ni baba yangu. Mimi ndiye mwanawe, mimi ndiye injinia aliyesomeshwa kwa jasho lake la mpunga, na nikimpigia mimi tunaongea kuhusu mvua.

Kisha homa zikaanza.

Ya kwanza ilikuja tarehe ya oparesheni ikikaribia. Mkojo mchafu, arudi nyumbani. Akameza dawa, akapona, akapangiwa tena. Homa nyingine. Akarudishwa tena. Mara hii daktari alimwambia Mama kwamba wakiendelea hivi figo zitaguswa.

Mama akaniambia jambo nikaliona dogo. "Hii homa huja ukishaondoka. Ukikaa huku ni mzima, ukirudi Kisumu siku mbili tatu anaanza baridi."

Mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri ananikosa. Nilijisifu kabisa.

Jumamosi iliyofuata niliingia bafuni kunawa. Nyuma ya sabuni kulikuwa na kikombe cha plastiki, na ndani yake, kwenye maji, imelala konekta ya chungwa.

Nilisimama pale na mikono yenye povu. Kumbe anatumia ya Wafula! Ananiambia yangu ni nzuri na kwa siri anatumia ya Wafula. Kisha wazo la pili likaja: kama anatumia ya Wafula, basi homa ni za konekta ya Wafula.

Hapa ndipo nasema ukweli wote. Nilifurahi. Baba yangu anaumwa, figo zimetajwa, na mimi nilifurahi kwamba hatimaye nimempata Wafula.

Ile niliiacha kikombeni, na Jumatatu niliweka nyingine kama hiyo mbele ya Madam, Wafula akiwepo. Nikasema hiki kidude cha kuchezea kinataka kuniulia mzee. Nilisema mengi. Wafula alingoja mpaka nikaishiwa pumzi.

"Omera, ndugu yangu, kaa kwanza," akasema.

"Sikai."

"Sawa, simama. Jana mzee alinipigia. Anauliza kama hiyo ya bluu inaweza kuchemshwa, imeanza kukwama. Nikamwambia, mzee, ya bluu unafanyia nini na ulichagua yangu? Ndio akaniambia."

"Akakuambia nini?"

"Ati ukikuja Jumamosi, anatoa yangu anaweka yako, ndio ufurahi. Ukienda anarudisha yangu. Nilikuwa natafuta vile nitakuambia polepole, lakini wewe umekuja na moto."

Madam akashika kichwa. Hakuna aliyehitaji kueleza. Kila Jumamosi Baba alikuwa anafungua njia ya vijidudu ili avae kidude changu, na kuifungua tena nikiondoka. Na vidude vyenyewe vilikuwa vimekwisha kutumika, vinaoshwa kwa maji ya bafuni na kuwekwa nyuma ya sabuni.

"Kwa nini hakuniambia mimi?" niliuliza.

"Wewe ni mtoto wake," Wafula akasema. "Mimi ni mtu wa nje. Mimi ananiambia mpaka mambo ya choo."

Aliyasema bila kunicheka, na ndiyo maana nilizidi kumchukia.

Nilikwenda Ahero siku hiyohiyo. Haikuwa Jumamosi, kwa hiyo Baba hakunitarajia. Nilimkuta kwenye kiti chake, na juu ya goti kulikuwa na rangi ya chungwa. Akaivuta leso haraka kama mtu aliyekutwa anaiba.

Tulizungumza Kijaluo, nawaandikia kwa Kiswahili.

"Baba, hiyo iliyopo iache hapo hapo. Usiibadilishe hata nikija. Ikitaka kubadilishwa, nesi atakupa mpya."

Akaikaza leso gotini. "Nani amekuambia?"

"Wafula."

"Huyo mdomo wake!" Kisha akatazama chini. "Yako ni nzuri. Kwa kweli ni nzuri, inashika. Ni vidole vyangu ndivyo vibaya, kuifunga tu hunichukua asubuhi nzima."

Akanyoosha mikono. Sijui mara ya mwisho niliitazama lini. Vidole gumba vyote viwili vimepinda, viungo vimevimba, ngumi haifungi. Ile tak ninayojivunia inataka vidole viwili vya kubana na kuzungusha. Kwa kiganja kilichopinda, kubonyeza ndiko rahisi. Ndicho alichokuwa akimwonyesha Wafula siku ile kule kwenye tangi.

"Ungeniambia ningeibadilisha," nikasema.

"Ningekuambiaje kazi yako imenishinda? Nilikusomesha uifanye."

Mama alileta chai tukanywa, tukaongea kuhusu mvua.

Baba aliacha kubadilisha konekta. Homa haikurudi, mkojo ukapimwa ukawa safi, akafanyiwa oparesheni. Siku walipomtoa mpira nilikuwepo hospitali. Nesi alisema akiweza kukojoa mwenyewe ndiyo tumemaliza, na nilitoka kwenda kumtafutia uji kwa sababu hangekubali nisikilize.

Niliporudi nilisikia sauti yake kutoka kwenye korido. Alikuwa na simu sikioni, anapiga kelele kwa kile Kiswahili chake.

"Wafula! Wafula, nimekojoa! Mimi mwenyewe, bila mpira! Imetoka mingi, wacha tu!"

Nilisimama mlangoni na chupa ya uji mpaka akamaliza. Aliponiona akakata simu, akajiweka sawa, akasema, "Umekuja. Huko nje kuna mvua?"

Nikamwambia bado.

Wakuu, funzo. Ukibuni kitu, usimpe anayekupenda akuambie kama ni kizuri. Atakudanganya hadi kimuue. Mtafutie mtu ambaye hana sababu ya kumwonea haya.

Konekta ya bluu naichora upya, sasa inabonyezwa. Wafula ananisaidia. Wivu haujaisha, nikimwona na muhogo wake bado damu inachemka, na Baba bado anampigia.

Sasa nanyi semeni, hata kunitukana ruksa. Mzazi wako yale asiyoweza kukuambia wewe, anamwambia nani? Kama humjui mtu huyo, mtafute. Ukimpata utamchukia. Mshukuru hivyo hivyo, na uchukue namba yake.